Kuhamisha skripti za seva kwenda lugha nyingine: njia nne na nani zinamfaa

Skripti ya seva ikishatulia, watu huisahau. Fomu zinapokelewa, ankara zinatoka, barua pepe zinatumwa, na hakuna anayefungua ile faili tena. Kisha siku inafika ambapo kampuni inayokukodishia seva inakuarifu kwamba toleo la lugha ya PHP unalolitegemea linaondolewa, au aliyeandika zile faili za Perl amehama na hakuna aliyebaki anayeweza kuzisoma. Unabaki na folda iliyojaa faili na uamuzi wa kufanya: tuhamie lugha nyingine, na tukihama, tupite njia gani?

Sababu za kuhama huwa nzito. Python 2 iliacha kupata marekebisho rasmi tarehe 1 Januari 2020. Muda wa PHP 5.6 wa kupata viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu, uliisha mwishoni mwa 2018. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript, lugha iliyobeba kurasa nyingi za ASP (teknolojia ya Microsoft ya kurasa za seva) tangu miaka ya 1990, itaondolewa hatua kwa hatua kwenye Windows. Ukibaki huko, kila udhaifu mpya utakaogunduliwa ni wako peke yako.

Mijadala mingi huishia kwenye lugha ya kwenda: Python, Node.js, Go, au nyingine. Naona swali hilo linapewa uzito kupita kiasi. Zote hizo zinapokea ombi la HTTP (ujumbe ambao kivinjari hutuma kwa seva), zinasoma hifadhidata na kurudisha jibu bila taabu. Kinachoamua kama kazi itafika mwisho, au itakwama katikati na kukuachia mifumo miwili ya kutunza badala ya mmoja, ni njia ya kuhama, na kiasi unachokijua kuhusu tabia halisi ya msimbo wa zamani. Ndiyo maana hapa nalinganisha njia na kuziacha lugha: kupanda toleo ndani ya lugha ileile, kuandika upya yote, kuhamisha kipande kwa kipande, na kutafsiri kwa mashine.

## Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni ujuzi wa tabia ya zamani: njia hii inakudai ujue kwa undani kiasi gani skripti inafanya nini leo? Cha pili ni huduma. Watumiaji wataendelea kuhudumiwa na kupata maboresho wakati kazi inaendelea, au kila kitu kitagandishwa? Cha tatu ni kurudi nyuma, yaani mambo yakiharibika usiku wa kuwasha mfumo mpya, unaweza kuurudisha wa zamani bila kupoteza data? Cha nne ni ubora wa msimbo unaobaki, kwa sababu kuna mtu atakayeusoma miaka ijayo. Cha tano ni watu: njia inahitaji wangapi, na wenye ujuzi gani.

Gharama sikuiweka kama kigezo cha peke yake. Inatokana na hivyo vitano, na makadirio yanayotolewa kabla ya kujua kigezo cha kwanza kwa kawaida hayashikiki.

## Kinachovunjika kimyakimya

Kabla ya kupima njia yoyote, elewa adui ni nani. Sintaksia siyo. Alama za dola zikiondolewa na mabano yakigeuzwa, kosa lolote la aina hiyo litapigiwa kelele na kompyuta yenyewe ndani ya dakika moja. Tatizo ni msimbo unaoonekana sawa, unaokimbia bila kulalamika, na kutoa jibu tofauti.

Chukua mstari huu wa PHP:

    if ($punguzo) { ongeza_mstari_wa_punguzo($ankara, $punguzo); }

Thamani ya punguzo imetoka kwenye fomu, kwa hiyo ni maandishi, na mteja asiye na punguzo ameandikiwa "0". Katika PHP, na katika Perl pia, maandishi "0" huhesabiwa kuwa si kweli, kwa hiyo mstari hauongezwi. Andika `if punguzo:` katika Python, au `if (punguzo)` katika JavaScript, na maandishi hayohayo yanahesabiwa kuwa kweli kwa sababu si matupu. Kila ankara sasa ina mstari wa punguzo la sifuri. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa popote. Mteja ndiye atakayekuambia.

Kukadiria desimali ni eneo lingine linalouma, hasa kwenye fedha. `Round(2.5)` ya VBScript inatoa 2, kwa sababu nusu hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. `round(2.5)` ya Python 3 inatoa 2 vilevile. PHP inatoa 3. JavaScript kwa `Math.round` inatoa 3, lakini kwa -2.5 inatoa -2 wakati PHP inatoa -3. Anayehama kutoka ASP kwenda PHP na kubadilisha jina la kitendakazi tu, ataona jumla za mwezi zikipishana kwa senti chache na asijue pa kuanzia. Masalio ya kugawanya namba hasi yana mtego wa namna hiyo: `-7 % 3` ni 2 katika Python, na ni -1 katika PHP, JavaScript na Go.

Mengine niyataje kwa haraka. `strlen("Zoë")` ya PHP ni 4 kwa sababu inahesabu baiti za UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi, ambamo ë huchukua baiti mbili), `len` ya Python 3 ni 3 kwa sababu inahesabu herufi. Kupanga `[10, 9, 1]` kwa `sort()` ya JavaScript bila maelekezo kunatoa 1, 10, 9, maana namba zinalinganishwa kama maandishi. Namba kamili zinazozidi 9007199254740991 zinaweza kupotea usahihi katika JavaScript, na vitambulisho vya miamala ya malipo wakati mwingine huwa virefu hivyo. Nenosiri lililofichwa na PHP kwa bcrypt, njia ya kuhifadhi manenosiri yasisomeke, huanza na `$2y$`, na baadhi ya maktaba za lugha nyingine zinatarajia `$2a$` au `$2b$`.

Lakini tofauti inayohitaji tahadhari kuliko zote haimo ndani ya mstari wowote. Ni maisha ya skripti yenyewe. Katika PHP ya kawaida, kila ombi linaanza na ukurasa mtupu: vibadilika vinaundwa, jibu linatumwa, kila kitu kinafutwa. Miunganisho ya kawaida ya hifadhidata hujifunga. Faili za muda zilizopakiwa na mtumiaji hufutwa zenyewe. Waandishi wengi wa PHP wamejenga juu ya usafi huo bila hata kujua kwamba upo. Katika Node.js au Go, mchakato mmoja unaishi muda mrefu na kuhudumia maombi mengi kwa pamoja. Kibadilika cha jumla kinachoshika jina la mtumiaji wa sasa, ambacho katika PHP hakikuwa na madhara, sasa kinaweza kumwonyesha Asha taarifa za Juma. Hilo ni kosa la usalama lililoingia kwa kutafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno.

## Kazi moja inayotangulia njia zote

Nashauri hii ifanyike hata kabla ya kuchagua, kwa sababu matokeo yake ndiyo yatakayokusaidia kuchagua. Chukua logi za seva za kipindi cha kawaida, pamoja na siku zenye shughuli nyingi kama mwisho wa mwezi. Tengeneza nakala ya hifadhidata na uondoe taarifa za siri za watu. Rudia maombi yale dhidi ya skripti ya zamani na uhifadhi kila jibu: maandishi ya ukurasa, msimbo wa hali wa HTTP, vichwa vya jibu, na rekodi zilizobadilika kwenye hifadhidata. Futa vitu vinavyobadilika kila mara, kama tarehe ya sasa na tokeni za bahati nasibu. Ulichobaki nacho ni ushahidi wa tabia halisi. Msimbo mpya utapewa maombi yaleyale na majibu yatalinganishwa mstari kwa mstari.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Logi za kawaida za seva hazihifadhi mwili wa ombi, kwa hiyo data za fomu zilizotumwa kwa POST, ambazo husafiri ndani ya mwili huo, hazimo. Itabidi uongeze kinasaji cha muda kwenye skripti ya zamani, au kwenye proksi (programu inayopokea maombi na kuyaelekeza kwa seva husika) iliyo mbele yake, na ukilinde vizuri kwa sababu kitakamata manenosiri.

Ukiona kazi hii inakwenda kirahisi, njia zote nne ziko wazi kwako. Ukiona hata kuendesha skripti ya zamani kwenye mashine nyingine ni shida, tayari umejua kwamba kuandika upya yote kwa mkupuo kutakuwa hatari.

## Njia ya 1: kupanda toleo, lugha ileile

Hii wengi huiruka kwa sababu haina msisimko, na mara nyingi ndiyo iliyokuwa inahitajika. Kutoka PHP 5 kwenda PHP 8 ni kuhama kweli: vitendakazi vya `mysql_` viliondolewa katika toleo la 7.0 la mwaka 2015, na katika 8.0 ya mwaka 2020 ulinganisho wa `0 == "abc"` uligeuka kutoka kweli kuwa si kweli. Hata hivyo tabia nyingi zinabaki zilezile, maisha ya skripti hayabadiliki, na nenosiri linasomeka kama zamani.

Ujuzi wa tabia unaodaiwa ni wa wastani, kwa sababu mabadiliko ya kila toleo yameandikwa rasmi na unaweza kuyatafuta moja baada ya jingine. Huduma haisimami. Instagram ilieleza kwenye PyCon, mkutano wa watumiaji wa Python, wa 2017 jinsi ilivyohama kutoka Python 2 kwenda Python 3 ikiwa na mamia ya mamilioni ya watumiaji, kazi ikifanyika kwenye tawi kuu la msimbo huku vipengele vipya vikiendelea kuongezwa. Kurudi nyuma ni rahisi kama msimbo umeandikwa kukubali matoleo yote mawili kwa muda. Zana za kubadilisha msimbo zipo, kwa mfano Rector kwa PHP. Python ilikuwa na 2to3, ambayo imeondolewa kuanzia toleo la 3.13, jambo linaloonyesha kwamba madaraja ya kuvukia nayo hayadumu milele.

Udhaifu wake ni kwamba msimbo unaobaki ni uleule. Kama faili moja ilikuwa inachanganya HTML, maswali ya SQL na hesabu za kodi, kesho itakuwa hivyohivyo katika PHP 8. Na haiwezekani kabisa pale lugha yenyewe inapoondolewa, kama VBScript, wala haisaidii kama tatizo lako ni kukosa watu wanaoijua.

Inamfaa mwenye mfumo unaofanya kazi, timu inayoijua lugha, na tatizo ambalo ni usalama wa toleo la zamani tu.

## Njia ya 2: kuandika upya yote

Hapa unafungua folda tupu. Skripti ya zamani inakuwa kielelezo tu, na mfumo mpya unawashwa siku moja.

Faida yake ni kubwa, na si haki kuificha. Ndiyo njia pekee inayokuruhusu kuuliza kila kipengele kama bado kinahitajika. Mifumo ya zamani imejaa kurasa zisizotembelewa na mtu na sheria za biashara zilizofutwa zamani. Unaweza kurekebisha muundo wa hifadhidata. Unaandika kwa mtindo wa lugha mpya badala ya kuvaa nguo za zamani, kwa hiyo kwenye kigezo cha ubora wa msimbo njia hii inaweza kushinda zote, ukiwa na watu wanaoifahamu lugha ile vizuri.

Bei yake inalipwa kwenye kigezo cha kwanza. Lazima ujue kila kitu, kwa sababu lisilojulikana halitaandikwa. Ile `if` ya ajabu katikati ya faili, isiyo na maelezo, huenda iliwekwa kwa ajili ya mteja mmoja mwenye mkataba tofauti. Anayeandika upya anaiona kama takataka. Kuhusu huduma, ama unagandisha mfumo wa zamani na watumiaji wanasubiri, ama unaendelea kuubadilisha na mfumo mpya unabaki ukiukimbiza. Historia ya Netscape hutajwa sana kwenye hili: toleo la 4.0 lilitoka 1997, kazi ya kuandika upya ikaanza, toleo la 5 halikutoka kamwe, na Netscape 6 ikaja Novemba 2000, wakati ambapo Internet Explorer ilikuwa imeshalitwaa soko. Kile kilikuwa kivinjari na hapa tunazungumzia skripti za seva, kwa hiyo siichukui kama hukumu. Ila ukubwa wa pengo kati ya toleo moja na linalofuata ni jambo la kulipima katika mradi wowote wa namna hii.

Kurudi nyuma ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi. Kama muundo wa hifadhidata umebadilika, basi baada ya saa chache za kazi tayari kuna rekodi ambazo mfumo wa zamani hauzielewi. Anayechagua njia hii aandike mapema skripti ya kurudisha data kwenye muundo wa zamani, na aijaribu.

Inamfaa mwenye skripti chache zinazoweza kusomwa zote na mtu mmoja hadi zieleweke, au taasisi ambayo utaratibu wake wa kazi umebadilika kiasi kwamba tabia ya zamani haitakiwi tena. Kwa mfumo mkubwa ambao hakuna anayeujua wote, sioni mazingira mengi ambamo ningeishauri.

## Njia ya 3: kipande kwa kipande

Martin Fowler, mwandishi wa vitabu vya uundaji wa programu, aliielezea njia hii mwaka 2004 akitumia mfano wa mitini aliyoiona kwenye misitu ya Queensland, Australia: mbegu inaota juu ya mti mwenyeji, mizizi inashuka taratibu hadi ardhini, na mwishowe mtini unasimama wenyewe. Kwenye seva, mizizi hiyo ni proksi. Kwa nginx, programu ya seva inayoweza kuwa proksi, mstari wa kuanzia unaweza kuwa huu:

    location /ripoti/ {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
    }

Maombi ya ripoti yanakwenda kwenye programu mpya ya Python inayosikiliza bandari ya 8000. Kila kitu kingine kinaendelea kwenye PHP kama jana. Mtumiaji haoni mpaka. Ripoti ikikosea, unaondoa mistari hiyo mitatu, unaisomesha nginx mipangilio upya, na umerudi ulikokuwa. Kwenye kigezo cha kurudi nyuma sijaona njia iliyo tulivu kuliko hii, ilimradi kipande kile kinasoma tu bila kuandika kwenye hifadhidata. Ndiyo maana ripoti na kurasa za kutafuta ni mahali pazuri pa kuanzia, na malipo hukaa mwisho.

Ujuzi unaodaiwa ni wa kipande kimoja kwa wakati. Unajifunza mfumo ukiuhamisha. Unaweza hata kuendesha vyote viwili kwa pamoja: mtumiaji anapewa jibu la zamani, la mpya linahesabiwa pembeni na tofauti zinaandikwa kwenye logi. GitHub walitoa maktaba yao ya Ruby iitwayo Scientist kwa kazi hiyohiyo. Twitter nao walitoka Ruby kwenda kwenye Scala na mashine ya Java kwa kuhamisha huduma moja baada ya nyingine, si kwa kuzima na kuwasha.

Ugumu wake wa kwanza ni sesheni, yaani kumbukumbu ya seva kuhusu mtumiaji aliyeingia. Mtumiaji ameingia kupitia PHP, ambayo inahifadhi sesheni kwenye faili za seva kwa muundo wake yenyewe, na Python haiusomi hivihivi. Itabidi uhamishie sesheni kwenye hifadhidata au Redis (hifadhi ya haraka ya data) kwa muundo ambao pande zote mbili zinausoma, kama JSON, muundo wa maandishi wa kupanga data. Fanya hilo kwanza, likiwa bado ndani ya PHP, kabla ya kuhamisha ukurasa wowote. Ugumu wa pili ni kwamba hifadhidata inashirikiwa, kwa hiyo muundo wake unabaki mfungwa wa mfumo wa zamani hadi kipande cha mwisho. Wa tatu ni watu: kwa muda wote huo timu inatunza lugha mbili, usakinishaji wa aina mbili, ufuatiliaji wa aina mbili.

Na kuna hatari ambayo ni ya uongozi zaidi kuliko ya ufundi. Vipande rahisi vikishahamishwa, hamasa hupungua, bajeti inapelekwa kwingine, na vile vipande vigumu vya mwisho vinabaki kwenye seva ya zamani isiyo na viraka. Mfumo uliohamishwa nusu una gharama za pande zote mbili. Anayechagua njia hii apate kwanza ahadi ya kumaliza kutoka kwa anayelipa.

Inamfaa mwenye mfumo mkubwa au wa kati, wenye watumiaji wakati wote, na ambao maarifa yake yametawanyika.

## Njia ya 4: kuiachia mashine itafsiri

Ziko aina mbili, na zinakosea kwa namna tofauti.

Aina ya kwanza hufuata kanuni: inasoma msimbo, inajenga mti wake wa kisarufi, na kutoa msimbo wa lugha nyingine. Facebook ilitangaza HipHop mwaka 2010, iliyogeuza PHP kuwa C++ na kupunguza mzigo wa seva zao. Wahandisi waliendelea kuandika PHP, na ile C++ ilikuwa chakula cha mkusanyaji (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), haikukusudiwa kusomwa na mtu. Hata hivyo baadhi ya mambo ya PHP, kama `eval` (kuendesha maandishi kama msimbo), hayakutafsirika, na mwaka 2013 nafasi ya HipHop ilichukuliwa na HHVM, programu inayoendesha PHP moja kwa moja bila kuigeuza kuwa C++. Zana za aina hii zikitengenezwa vizuri hulinda tabia ya zamani kwa uaminifu, lakini msimbo unaotoka umejaa vitendakazi vya kuiga lugha ya zamani. Umebadilisha lugha, na hakuna aliyepata msimbo wa kusomeka.

Aina ya pili ni modeli kubwa za lugha, yaani programu za akili bandia zinazoandika maandishi na msimbo. Hizi zinatoa msimbo mzuri machoni, wenye majina ya maana na mtindo wa lugha mpya. Kitendakazi kimoja chenye mipaka iliyo wazi hutafsiriwa vizuri. Kosa lao linakwenda upande wa pili: hufuata kile ambacho msimbo unaonekana ulitaka kufanya, na kile unachokifanya kweli kinaweza kupotea. Ile `if ($punguzo)` inaweza kuwa `if punguzo:` bila onyo. Au `if` ya ajabu ya yule mteja mmoja inasafishwa kwa sababu ilifanana na kosa. Na kwa kuwa msimbo unasomeka vizuri, anayeukagua huuamini haraka.

Kwa hiyo kwenye kigezo cha kwanza, mashine haikuondolei haja ya kujua tabia ya zamani. Inauhamishia ujuzi huo kwenye ukaguzi. Bila yale majibu yaliyohifadhiwa ya kulinganisha, hii ni kasi isiyo na breki. Ukiwa nayo, kasi ni ya kweli, na unaweza kuitumia mashine mapema zaidi: ikueleze faili ya zamani inafanya nini, ikuorodheshee mahali penye kukadiria desimali au kulinganisha maandishi na namba, ikuandikie rasimu ya majaribio. Kwa maoni yangu hapo ndipo inapolipa zaidi kuliko kwenye tafsiri yenyewe. Huduma na kurudi nyuma vinategemea utauwasha msimbo mpya kwa mkupuo au kwa vipande, kwa hiyo njia hii karibu kila mara huolewa na ya 2 au ya 3.

Tahadhari moja ya vitendo: skripti za zamani mara nyingi zina nenosiri la hifadhidata ndani ya faili yenyewe, na funguo za mifumo ya malipo. Ziondoe na uzibadilishe kabla ya kupeleka faili yoyote kwenye huduma ya nje.

Inamfaa mwenye faili nyingi zinazofanana, zenye pembejeo na matokeo yanayolinganishika, na mtu mwenye uzoefu wa lugha zote mbili wa kukagua.

## Ukiwa katika hali hii

Kama shida yako ni toleo lililoishiwa viraka tu, na watu wako wanaijua lugha, anza na kupanda toleo. Hata ukikusudia kuhama baadaye, utahama ukiwa kwenye seva salama na bila haraka.

Kama uko kwenye ASP ya VBScript, mlango wa kwanza umefungwa. Kwa kurasa chache, andika upya, ukiangalia kila `Round`, kila tarehe inayotegemea mipangilio ya eneo ya Windows, na kila mahali panapohesabu herufi, maana `Mid` ya VBScript huanza kuhesabu kwa 1 na lugha nyingi za kwenda huanza kwa 0. Kwa kurasa nyingi, weka proksi mbele na uhamishe kipande kwa kipande.

Kama aliyeandika hayupo na hakuna jaribio hata moja, usichague bado. Nasa maombi na majibu kwanza. Kisha njia ya kipande kwa kipande, ukianza na kurasa zinazosoma tu, ndiyo itakayokuvumilia unapojifunza.

Kama ni kazi zinazojiendesha usiku, zinazochukua faili moja na kutoa nyingine, mashine inakufaa kuliko mahali pengine popote. Hakuna sesheni, hakuna mtumiaji anayesubiri, na unaweza kuendesha ya zamani na mpya kwa wiki kadhaa ukilinganisha matokeo kila asubuhi.

Kama unatoka PHP kwenda Node.js au Go, kwa njia yoyote ile, tenga muda wa kupitia kila kibadilika cha jumla, kila muunganisho wa hifadhidata na kila faili ya muda. Fanya jaribio la watumiaji wawili wanaoomba kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na akaunti yake, na uthibitishe kwamba hakuna anayeona ya mwenzake.

Kama timu nzima haijawahi kuendesha lugha mpya kwenye huduma halisi, usianze na mfumo mkuu hata njia ikiwa nzuri. Hamisha kazi moja ndogo ya ndani, iache ifanye kazi hadi iwaharibikie angalau mara moja mkiwa macho, mjue logi zake ziko wapi na inavyowashwa upya. Baada ya hapo makadirio yenu ya mfumo mkuu yatakuwa na msingi.

Na kama utaratibu wa kazi wenyewe unabadilika mwaka huu, kwa mfano ankara zinahamia mfumo mpya wa kodi, usihamishe lugha na sheria kwa wakati mmoja. Hamisha kwanza ukitoa matokeo yaleyale ya zamani hadi senti ya mwisho, ndipo ubadilishe sheria upande mpya. La sivyo, jumla zikipishana hutajua kama kilichokosea ni tafsiri au ni kodi.